Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tulioupa Kiimbo

Walimu wenzangu,

Mkutano mkuu uliopita uliniagiza mambo mawili. La kwanza, mwaka huu tuweke kando mada nyingine zote tushughulikie kiimbo cha Kiingereza, yaani jinsi sauti inavyopanda, kushuka na kukatwa katika usemi, kwa kuwa ndiyo sura ambayo wengi wetu huipita mbio darasani. La pili, taarifa hii niiandike kwa Kiswahili. Wapo waliouliza kwa nini chama cha walimu wa Kiingereza kisomewe taarifa kwa Kiswahili. Mtoa hoja alijibu kwamba istilahi ukiweza kuieleza kwa lugha ya nyumbani umeielewa, na usipoweza umeikariri tu. Nimeandika nikiwa na maneno hayo masikioni. Zaidi ya mara moja kalamu ilisimama, kwa sababu neno nililolifundisha miaka mingi lilikataa kuelezeka.

Kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha kukusanya majina. Kila mmoja alileta kitabu anachofundishia, tukaandika ubaoni kila kitu kinavyoitwa. Kile kipande cha maneno kinachosemwa kwa mkupuo mmoja kilipata majina manne: tone unit, tone group, intonation group na intonation phrase. Silabi inayobeba uzito mkubwa ndani ya kipande hicho ikapata matatu: nucleus, nuclear syllable na tonic syllable. Mwalimu mmoja kijana alisema hii ndiyo sababu yeye huiruka sura nzima. Alidhani ni vitu saba. Kumbe ni viwili.

Majina haya yana historia, na kuijua kulitupunguzia hofu. Kwa wataalamu wa Uingereza, Harold Palmer, mwaka 1922, alikigawa kipande katika kichwa, kiini na mkia: kiini ni ile silabi yenye uzito, kichwa huitangulia, mkia huifuata. Lilias Armstrong na Ida Ward, mwaka 1926, walitosheka na tuni mbili, moja ya kushuka mwishoni na nyingine ya kupanda. O'Connor na Arnold, mwaka 1961, walikuja na orodha ndefu ya majina ya picha, likiwemo la ndege inavyopaa na la kisu cha kukunja. Halliday, mwaka 1967, akatumia namba, moja hadi tano. Huko Marekani, Kenneth Pike alikuwa amehesabu ngazi nne za kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti, mwaka 1945, namba 1 ikiwa ya juu kabisa; mwaka 1951 Trager na Smith wakazihesabu kinyume, 1 ikawa ya chini kabisa. Mwalimu anayechanganya vitabu vya mikondo hiyo miwili bila kujua hilo atamwambia mtoto apande pale anapotakiwa kushuka, na mtoto hatakuwa na kosa lolote.

Neno lililotutaabisha kuliko yote ni toni. Mwanafunzi wetu hulikuta katika ushairi wa Kiswahili, ambako toni ya shairi ni hisia yake, kama vile huzuni au hasira. Akija kwetu anaambiwa Kiingereza kina toni, na sasa maana ni mwendo wa sauti. Na nyumbani kwake, kama anazungumza Kidigo, Kigiriama, Kikuyu au Kijaluo, toni ni mali ya neno lenyewe: ukiibadilisha unaweza kuwa umesema kitu kingine kabisa. Kiingereza hakifanyi hivyo. Neno "rain" ni mvua, ulipandishe ulishushe. Kinachobadilika ni uhusiano wa msemaji na anachokisema na anayemwambia. Kamati inapendekeza tuwaachie washairi na wanaisimu wa lugha za toni neno lao, sisi tuseme mwendo wa sauti. Nitarudi kwenye pendekezo hili mwishoni.

Baada ya vikao vya kubishana tuliafikiana kwamba mwanafunzi ahitaji maswali matatu tu, ambayo Halliday aliyatenganisha vizuri: unakata wapi, unaweka uzito wapi, na sauti inaendaje pale penye uzito.

Swali la kukata halikutuchukua muda mrefu, maana Kiswahili kinatusaidia. Andika ubaoni "Juma kasema baba amefika" bila alama yoyote. Darasa likisome mara mbili. Kwa mkato mmoja, aliyefika ni baba. Kwa mikato miwili, "Juma, kasema baba, amefika", aliyefika ni Juma. Ukitoka hapo, "My brother who lives in Malindi is a tailor" haina ugumu: bila mkato nina ndugu kadhaa na namtaja yule wa Malindi, nikimkata katikati, ndugu ni mmoja na Malindi ni nyongeza.

Swali la uzito ndilo lililotula muda, na naamini ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine. Jennifer Jenkins, aliyechunguza mwaka 2000 ni nini kinachofanya wasemaji wa Kiingereza wasio wazawa waelewane, aliweka mahali pa uzito miongoni mwa mambo ya lazima, na mwendo wa sauti akauacha nje. Basi tusikilize tunavyosema sisi wenyewe. Mtu anakuuliza, "Would you like some fish?" Unajibu, "I don't like fish." Wengi wetu tunaitia uzito "fish" kwa sababu ni neno la mwisho. Mzawa huiangusha "fish", kwa kuwa imeshatajwa, akaupeleka uzito kwenye "like".

Je, Kiswahili hakijui tofauti ya kilichotajwa na kilicho kipya? Kinaijua sana. Mwulize mtu wa Pwani, "Utakula samaki?" Atakujibu, "Samaki sili." Samaki amesogezwa mbele, akaondoka njiani, na mwisho wa sentensi umeachiwa jambo jipya. Vivyo hivyo kwa aliyevunja dirisha: Mwingereza husema "Ali broke it" akiipandia juu "Ali" tu, nasi husema "Ni Ali aliyevunja" au "Ali ndiye aliyevunja". Wao wanafanya kwa sauti, sisi tunafanya kwa mpangilio wa maneno na kwa "ndiye". Siku mwalimu mwenzetu alipolieleza hili mbele yetu, chumba kilinyamaza. Miaka yote tulikuwa tukimfundisha mtoto jambo analolifanya kila siku mezani kwao, na tulimfundisha kana kwamba limetoka ng'ambo. Tangu siku hiyo somo langu la uzito huanza na samaki.

Kuhusu mwendo wa sauti, nina la kukiri. Kwa muda mrefu nilifundisha kwamba swali la ndiyo au la hupanda, swali la nani, nini na wapi hushuka, na orodha hupanda mpaka kitu cha mwisho. Kanuni hizo zinaeleza mazoea ya kawaida, lakini si sheria. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza kuhusu "You're from Lamu, aren't you?" Nikamwambia ni swali, hupanda. Akasema amesikia redioni ikishuka. Alikuwa amesikia sawa. Ikipanda, muulizaji hajui na anataka kujua. Ikishuka, anajua na anataka akubaliwe. Nilirudi darasani siku iliyofuata nikalisahihisha mbele ya wote.

Hapa nako tuna neno letu la kuanzia: haya. Liseme likishuka, umekubali. Lipandishe, unamhimiza mtu aendelee. Lishushe kisha ulipandishe kidogo, umekubali kwa shingo upande. Watoto hulipata hili papo hapo, kisha unawapa "The food was good" kwa huko kushuka-kupanda, nao wenyewe wanasubiri "but". David Brazil wa Birmingham alieleza kwamba mwendo wa kushuka hutangaza jambo jipya, na wa kushuka-kupanda hurejelea jambo ambalo wote wawili tayari wanalo. Si kila kitu kinaingia katika maelezo hayo, lakini darasani yanafanya kazi kuliko orodha ya majina ya hisia.

Tulijaribu pia programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ambayo haina malipo na huchora mstari wa kidatu kwenye skrini. Majaribio ya mwanzo yalituvunja moyo, mstari ulikuwa vipande vipande. Sababu ni konsonanti zisizo ghuna kama p, t, k na s, ambazo nyuzi za sauti hazitetemi zinapotamkwa. Tukatunga sentensi isiyo nazo: "We're leaving Lamu on Monday morning". Mstari ukatoka mzima. Zimeni feni mnaporekodi, na msiamini mruko wa ghafla katikati ya vokali. Mara nyingi ni hesabu ya mashine iliyokosea.

Najua swali mlilo nalo: na mtihani je? Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza, lakini hujibiwa kwa kalamu. Mwanafunzi huandika "falling" akapata alama bila kufungua mdomo. Hatuwezi kumnyima mtoto majibu hayo, na hakuna aliyependekeza tuyaache. Tunaloomba ni kwamba asiandike neno hilo kabla ya kulisikia na kulitamka.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu zake. Langu ni kuwashukuru mliochangia kipaza sauti, na kuwakumbusha wenye ada za nyuma walipe kabla ya kura, kama katiba inavyotaka.

Mbele yenu kuna hoja moja ya kamati: chama kitumie kipande, kichwa, kiini, mkia na mwendo wa sauti katika vikao na mafunzo yake yote, na kila jina la vitabuni lifundishwe kama jina jingine la mojawapo ya hayo. Wapo wanaopinga kiini wakisema mtoto atafikiria yai. Mimi naunga mkono kiini hasa kwa sababu ya yai. Wapo pia wanaotaka toni ibaki, kwa kuwa ndilo neno la chuoni, na hoja yao ina uzito. Katibu ameweka karatasi za kura mlangoni. Tutajadili kwanza, kisha tupige kura kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti