Mwalimu wa kuchora si msanii aliyeshindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli inayosikika sana hapa Dodoma, kwamba anayefundisha kuchora ni msanii aliyekosa soko. Wanaosema hivyo hawajamsikia Alma Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Georgia mwaka 1891. Mwaka 1924 alikuwa mhitimu wa kwanza wa idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Howard, na mwaka huohuo akaanza kufundisha katika shule moja ya watoto weusi mjini Washington, asihame hadi alipostaafu mwaka 1960.

Akiwa bado mwalimu alirudi darasani kusoma, na huko ndiko michoro yake ilikoanza kuacha sura za watu na vitu, ikabaki rangi. Kazi zilizompatia jina alizifanya baada ya kustaafu, baridi yabisi ikimtesa. Ukiutazama mchoro wake wa mwaka 1966 alioupa jina la Ufufuo, huoni mtu wala kaburi. Ni vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa mviringo, duara ndani ya duara, na weupe ukichungulia kati ya kipande na kipande. Mchoro huo sasa ni mali ya Ikulu ya Marekani. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya maonyesho ya peke yake katika makumbusho ya Whitney, New York. Wastaafu wenzangu na wausome umri huo mara mbili.

Katika shule nilizofundisha mkoani hapa, mtihani ukikaribia kipindi cha sanaa hupewa mwalimu wa hisabati, na mtoto aliyejaza karatasi rangi bila nyumba wala ng'ombe huulizwa, "Hiki ni nini?", kisha akapewa sifuri. Na huu ndio mkoa wenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambamo kando ya watu na wanyama mna maumbo yasiyofanana na kitu chochote. Hayo hatuyapi sifuri, tunayapelekea watalii.

Ninaloomba kwa wakuu wa shule ni dogo: kipindi hicho kisiguswe, na mwalimu wa kuchora apewe chumba chenye mwanga, aruhusiwe kubaki humo jioni afanye kazi yake mwenyewe, wanafunzi wanaotaka wakimtazama.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma