Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Spini, Leza na Joto

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kimeshughulikia zaidi suala moja: kutenganisha badiliko la spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) linaloletwa na mwanga unaozunguka (ambao uga wake wa umeme huzunguka kushoto au kulia) na lile linaloletwa na joto la mpigo wa leza. Tangu mwaka 1996, nikeli ilipoonekana kupoteza sehemu ya usumaku wake ndani ya pikosekunde (sehemu za trilioni za sekunde) chache baada ya kupigwa na leza, inajulikana kwamba joto peke yake huvuruga spini. Kwa hiyo spini kubadilika hakutoshi kuthibitisha kwamba tumeiongoza.

Kielelezo chetu ni tangisteni diselenaidi (WSe2) ya tabaka moja, unene wa takribani nanomita 0.7. Bendi yake ya valensi (ngazi ya juu ya nishati iliyojaa elektroni) imegawanywa na spini kwa takribani eV 0.45 (eV ni kipimo cha nishati; meV ni sehemu yake ya elfu). Mwanga unaozunguka kushoto huamsha elektroni za bonde moja (mojawapo ya maeneo mawili ya nishati ambamo elektroni hukusanyika), zenye spini ya upande mmoja. Wa kulia huamsha za bonde la pili.

Bamba la robo-wimbi (linalofanya mwanga uzunguke) likae mwisho kabisa, kabla tu ya lenzi. Kioo cha kugeuza miale kikifuata baada yake, huharibu duara likawa duaradufu, na mabonde yote mawili yanaamka. Kuhusu urefu wa mpigo, wengi hukimbilia femtosekunde 30 (femtosekunde, fs, ni sehemu ya elfu ya pikosekunde). Kamati inashauri 100. Lenzi na vioo vyenye mtawanyo (kuchelewesha rangi za mwanga kwa viwango tofauti) wa fs² 1000 hurefusha mpigo wa 30 hadi karibu 97, lakini ule wa 100 hufika 104 tu. Isitoshe, mpigo wa 30 una upana wa meV 61 hivi, hivyo huamsha eksitoni (elektroni iliyoshikamana na shimo, yaani nafasi iliyoachwa wazi na elektroni) pamoja na trioni (eksitoni yenye chaji moja ya ziada) iliyo meV 30 chini yake, na ishara mbili huchanganyika.

Kwenye reli ya ucheleweshaji (inayosogeza kioo ili mpigo mmoja uchelewe), milimita 1 ni pikosekunde 6.67, kwa kuwa mwanga huenda na kurudi.

Kipimo kikubwa ni kugeuza mzunguko. Ishara ya spini hubadili alama. Ya joto haibadiliki. Leza ya MHz 80 (mipigo milioni 80 kwa sekunde) huacha nanosekunde 12.5 tu kati ya mipigo, kwa hiyo mkiona ishara hata kabla mpigo haujafika, yawezekana ni joto lililobaki, au mashimo ambayo bado yameshika mpangilio wao. Kugeuza mzunguko ndiko kunakotenganisha hayo mawili. Ongezeni kipimo cha mwanga usiozunguka, na kingine kwa nusu ya nguvu.

Njia safi zaidi ni mpigo wenye nishati chini ya ile ya eksitoni. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba husogeza nishati ya bonde moja kwa takribani meV 10 bila fotoni nyingi kufyonzwa, ingawa athari hukoma pamoja na mpigo.

Wanaofanya kazi na CrI3 (kromiamu triodaidi, sumaku ya tabaka nyembamba) wakumbuke kuifunika kwa boroni naitraidi ndani ya sanduku la glavu. Hewani huharibika kwa dakika chache.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Katika mkutano mkuu kamati itawaomba mpigie kura kanuni hii: hakuna matokeo yatakayotolewa kwa jina la chama bila grafu za kushoto, kulia na zisizozunguka, zikiwa na data ghafi.