Samaki kukakamaa sio dawa, ni misuli

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo linaniuma. Pale Deep Sea hapa Tanga utamkuta mtu kamshika kibua, anamuona kakakamaa mkia mpaka kichwa, anamtupa kwenye beseni, "huyu kapigwa dawa ya maiti", anaondoka na wenzie wanamfuata, na yule mama aliyemgombania kwenye mnada alfajiri anabaki na mzigo unamuharibikia. Jamani, sio haki.

Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo mno za protini, nyembamba zinaitwa aktini na nene zinaitwa myosini, zimelala sambamba zimeingiliana. Zamani wataalam wengi walidhani msuli ukijikaza nyuzi zenyewe ndo zinajikunja, ila mwaka 1954 Hugh Huxley na Jean Hanson, na upande mwingine Andrew Huxley na Rolf Niedergerke (hao kina Huxley majina tu yamefanana, sio ndugu), wakaonyesha kwamba hazifupiki, zinapishana tu. Myosini ina vichwa vimechomoza, kichwa kinadaka aktini, kinavuta, kinaachia, kinadaka tena mbele, vilevile wavuvi wanavyovuta kamba ya mashua mkono baada ya mkono. Na havianzi hivihivi, mpaka neva ilete amri, hapo kalsiamu inamwagika ndani ya seli, inashika protini inaitwa troponini, nayo inausogeza uzi mwingine uliokuwa umeziba pale pa kudakia.

Sasa hapa ndo penyewe. Wengi wetu tunajua nguvu inaliwa kwenye kuvuta, kumbe hata kuachia kunataka nguvu, yaani kichwa hakibanduki mpaka kipate ATP mpya, ndo kemikali inayobeba nguvu ndani ya seli. Samaki akishakufa damu haileti tena oksijeni, ATP inakwisha, kalsiamu inavuja, vichwa vinadaka na kubaki vimeng'ang'ania hapohapo. Basi, kakakamaa. Na sisi binadamu ni hivyohivyo, ndo maana mtu akifariki wazee wanawahi kumfumba macho, kumfunga kidevu na kumnyoosha viungo kabla mwili haujakaza. Samaki aliyehangaika sana kwenye nyavu anakaza mapema zaidi kwasababu ATP yake kaimaliza akipigania roho.

Baada ya muda protini zinaanza kukatika zenyewe ndo analegea, kwahiyo huyo mgumu mnayemkimbia mara nyingi ndo katoka baharini juzijuzi kuliko yule laini. Sisemi sokoni hakuna watu wabaya, ila ugumu peke yake haumpi mtu hatia, angalia macho kama yamejaa na yanang'aa, funua matamvua uone wekundu, nusa.

Na wachuuzi nao nawaomba, samaki akiwa amekaza msimkunje kwa nguvu ili aenee kwenye ndoo, nyama inachanika ndani kwa ndani na mteja akimkaanga anameguka vipande, halafu lawama zinarudi kwenu. Mwekeni kwenye barafu, atalegea mwenyewe.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga