Paketi ya yerba inakuja, soma hii kwanza

Mwanangu, mzima lakini? Me nipo, baridi tu ndo inatunyoosha, mwezi wa saba huku Misiones, Argentina, asubuhi ni Njombe kabisa.

Kuna jamaa anasafiri wiki ijayo, nimempa yerba, majani ya huku wanayokunywa kama sisi chai, nusu kilo akuletee, sasa usije ukanipigia simu kulalamika eti nimekutumia majani yameungua. Yameungua kweli, ndo yanavyotengenezwa.

We umekulia kwenye chai Lupembe, unajua mama akileta vijiti kwenye kikapu karani anamrudishia. Huku sahau, wanakata tawi zima na mkasi, majani na vijiti vyote, wanatupia kwenye turubai wanafunga mzigo. Na ule mzigo haulali sana, ndani ya siku moja hivi uwe umefika kiwandani maana majani yakikaa yanageuka meusi, nyie chai mnaitaka nyeusi hawa hawataki kabisa. Kwa hiyo wanayababua, yanapita kwenye pipa kubwa la chuma linazunguka, moto wa kuni unavuma mle ndani, muda mfupi tu, yanalia pa-pa-pa kama bisi. Nilisimama pale nusu saa, koti langu likanuka moshi siku tatu. Baada ya hapo yanakaushwa, yanapondwapondwa, yanaingia kwenye magunia stoo yakae mpaka ladha itulie, mwaka mzima au hata miwili! Mzee mmoja alinifungulia gunia la mwaka juzi, akainamisha kichwa akalinusa kama ananusa mjukuu.

Paketi yako imeandikwa con palo, yaani ina vijiti, sheria yao inaruhusu mpaka 35%. Nimechagua hiyo makusudi, kijiti kinalainisha, zile za majani matupu kwa mgeni ni shubiri. Ukiifungua mimina kidogo kiganjani, iwe kijani ya kuelekea njano, ukiona imebaki vumbi tupu basi imesagika njiani, pole.

Maji yasichemke. Birika likianza kuimba tu toa, 70 mpaka 80 hivi. Na ule mrija wa chuma wa kunyonyea, bombiya, usikorogee! Me siku ya kwanza nilikoroga kama natafuta sukari, wenye nyumba wakanyamaza wote, mrija ukaziba, nikavuta mpaka mashavu yakauma. Mama asiweke tangawizi. Maziwa sawa, hata hapa watoto wanawekewa.

Uliniuliza bei ya mkulima. Kulikuwa na taasisi yao ya yerba inapanga bei ya majani mabichi, Desemba 2023 Rais Milei akaiondolea hayo mamlaka kwa amri, sasa mkulima anapatana na kiwanda mwenyewe. Mkulima na kiwanda wakiachwa wawili nani anapanga bei, muulize baba yako, anajua hiyo stori kuliko mimi.

Kibuyu cha kunywea sijatuma, kingevunjika. Tafuta kidogo cha kuingia kiganjani, kijaze yerba iliyokwisha kunywewa ikiwa bado ina majimaji, kilale hivyo siku nzima, kesho yake kwangua ndani na kijiko. Kikinuka ukungu tupa, tafuta kingine.