Bangili ya Baba, usichukue yenye sumaku

Kiborloni, Moshi

Ndugu yangu Elia,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tuko salama, ndizi zipo, baridi ndiyo inatutesa. Naandika mbio mbio maana Mangi anapanda Kosta ya Arusha alfajiri, na nataka barua hii ikukute hujatoa hela.

Ujumbe wako kwamba unataka kumnunulia Baba bangili ya titaniamu, ile metali nyepesi, nimeupata. Asante sana, kaka. Kumfikiria mzee wangu hivyo si jambo dogo kwangu. Na titaniamu ndiyo inayomfaa hasa. Unaikumbuka ile saa yake ya mkanda wa chuma? Ngozi ilimvimba duara zima la kifundo, akawa anajikuna mpaka panatoa maji. Daktari akasema ni nikeli, metali iliyochanganywa kwenye ule mkanda. Titaniamu safi haina nikeli, haishiki kutu hata kwa jasho la shambani, na ndiyo hiyo wanayoungia mifupa iliyovunjika. Inakaa mwilini miaka na miaka.

Ila pale ulipoandika kwamba ina sumaku ndani na muuzaji anasema inashusha presha, usingizi uliniruka. Hiyo usinunue, Elia. Tafadhali.

Baba unamjua. Vidonge anavimeza kwa ugomvi. Kila asubuhi Mama anasimama mbele yake na kikombe cha maji, haondoki mpaka aone koo limepanda na kushuka. Siku atakayoamini kuna kitu cha kuvaa kinachofanya kazi ya kidonge, vidonge vitalala kabatini. Na presha haimuumi popote hata akumbuke kuwa anaumwa. Babu Shirima naye alisema anajisikia vizuri tu, halafu wiki ile ile... basi, yale unayajua.

Huyo muuzaji atakwambia damu ina chuma, kwa hiyo sumaku inaivuta itembee vizuri. Chuma cha kwenye damu hakivutwi kama msumari. Mgonjwa analazwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, yenye sumaku kali kupita kiasi, na damu yake inaendelea na safari zake kama kawaida. Hata kwa maumivu ya viungo, wanakosifia sana vitu hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwavisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi mikanda ya sumaku na bangili za shaba kwa zamu. Majibu yalitoka 2013: hakuna nafuu ya maana kuliko ya kuvaa kitu cha bandia.

Kwa hiyo nunua ya titaniamu tupu, ya urembo. Mzee apendeze kanisani, inatosha.

Kipimo: nimemzungushia uzi mkononi, ni sentimita 18, kwa hiyo bangili iwe kama 19 na nusu. Usikubali kuambiwa "chukua tu, sonara ataipunguza." Titaniamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 1,668 za Selsiasi, dhahabu 1,064 tu, tena ikipata moto mkali kwenye hewa ya wazi inakuwa ngumu ya kukatika. Sonara wa kawaida hana vifaa vyake. Chagua yenye vipingili vinavyochomolewa. Nenda na sumaku ndogo: ikinata, iache hapo hapo. Isiponata, bado ipime kiganjani na ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya ukubwa ule ule, kwa sababu stenlesi nyingine nayo hainati. Titaniamu ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya stenlesi, mkono wenyewe utakwambia.

Sasa nijibu kwa Mangi huyo huyo akirudi. Wanauza shilingi ngapi isiyo na sumaku? Kama ulishatanguliza hela, atakubali kubadilisha? Krismasi mnakuja, au shemeji anakwenda kwao? Na hili ndilo kubwa: ulishamwambia Baba kwa simu habari ya presha? Maana jana jioni ameniuliza "ile dawa ya mkononi" inafika lini. Kama ni wewe uliyemwambia, mpigie mwenyewe leo umweleze ni pambo tu. Mimi ananiona mtoto, wewe anakusikiliza.

Wako,
Godi