Gari-nyumba libaki juu, ufuoni tushuke kwa miguu

Mhariri,

Picha mliyoiweka kwenye makala ya safari wiki iliyopita ilinitia wasiwasi. Gari-nyumba jeupe limeegeshwa katikati ya mchanga, mlango u wazi, hatua chache tu kutoka mawimbi yanapovunjika. Najua wengi wameitamani. Naomba nafasi nieleze kwa nini gari lile halikupaswa kuwa pale.

Mimi na mke wangu tumesafiri kwa gari la namna hiyo kandokando ya bahari kwa miaka kadhaa, na siku yetu huwa haina haraka. Asubuhi tunaendesha kidogo, tunaegesha penye ardhi ngumu, tunashuka kutembea, tunarudi kujinyoosha kitandani, halafu tunasogea hadi ufuo wa mbele. Anayetupangia ratiba ni maji. Yakianza kupwa, ule mchanga yanaouacha nyuma huwa umeshikana vizuri, unatembea mwendo mrefu bila kuumwa vifundo. Ukichelewa hadi yakajaa, unabaki kuhangaika juu kwenye mchanga mkavu unaodidimia kila hatua. Ndiyo maana kabla ya kuwasha injini tunaangalia kwanza jedwali la kupwa na kujaa. Na tunaliangalia kila siku, kwa sababu saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50 toka siku moja hadi nyingine. Saa uliyotembea jana kwa raha, keshokutwa maji yanaweza kuwa bado hayajapwa.

Sasa nirudi kwenye gari la pichani. Niliwahi kuona mwisho wa habari kama hiyo. Tulikuwa tunarudi kutoka matembezi ya jioni, tukakuta familia imeteremsha gari lao hadi mchanga wenye unyevu, mahali palipokuwa pagumu kabisa chini ya unyayo. Lakini unyayo wa mtu si gurudumu. Magari haya, yakishapakiwa maji, gesi, vitanda na watu, hufika tani tatu na zaidi. Baba alipokanyaga mafuta ili kuliondoa, gurudumu lilizunguka palepale, na mchanga ule uliokuwa kama sakafu ukageuka uji. Nilichuchumaa nikaona mapovu madogo yakitoka pembeni ya tairi, na tairi likishuka taratibu hadi ringi ikafunikwa. Tulichimba kwa mikono na kwa sufuria. Kila tulichokitoa kilirudi na maji.

Kilichowaponza ni kuamini kwamba muda bado upo. Kwenye fukwe nyingi maji huchukua saa sita na ushei kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kama sehemu moja tu ya 12. Saa ya tatu na ya nne ndizo hubeba karibu nusu ya maji yote. Kwa hiyo anayekaa kuyatazama mwanzoni huona bahari imetulia, akaendelea na mapumziko yake, na anaposhtuka yameshafika mlangoni. Jioni ile ilikuwa kipindi cha bamvua, siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, wakati maji hupwa mbali sana na kujaa juu sana. Huko mbali yalikopwa ndiko walikoegesha. Trekta lilipopatikana, mama alikuwa anatoka mlangoni na mito kichwani, maji yakiwa magotini, na watoto wamekaa juu ya mabegi wakilia. Gari lilivutwa, ndiyo, lakini chumvi ilishaingia kwenye breki na nyaya, na chumvi haikaushwi kwa kitambaa.

Hasara ya familia ile ilinihuzunisha. Kinachoniudhi zaidi ni madhara ambayo mwenye gari hayaoni. Kasa hufukia mayai yake mchangani, mara nyingi kama 100 kwenye shimo moja, na huachwa humo karibu miezi miwili. Juu yake huenda usione alama yoyote. Gurudumu likipita, mchanga hugandamizwa juu ya mayai. Wale wanaobahatika kuanguliwa hutoka usiku wakifuata upande wenye mwanga, kwa kawaida anga la baharini. Taa ya gari-nyumba ikiwa inawaka upande wa nchi kavu, wanageuka kuifuata. Na njia ya tairi, ambayo wewe unairuka bila hata kuangalia, kwa kasa mdogo ni handaki. Matuta ya mchanga nayo yameshikwa na mizizi ya majani yanayotambaa. Yakikatwa na magurudumu, upepo huanza kuyabeba.

Sitaki kuandika mengi kuhusu vyoo, ila maji ya sinki na ya choo yana tangi lake na yana mahali pake pa kumwagwa. Mchanga hauyamezi. Huyarudisha palepale kesho mtoto wa mtu mwingine anapochezea.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena makala ya safari hizi, elezeni pembeni namna ya kusoma jedwali la maji, na mchague picha nyingine. Mimi ninayo moja, mke wangu aliipiga wakati maji yanapwa: nyayo za watu wawili zinakwenda hadi zinapotea, na gari letu linaonekana kwa mbali juu ya barabara, dogo kama kiberiti. Nitaituma mkiihitaji.

Msomaji wenu wa kila wiki