YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA KASRI ZA ISTANBUL

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi na mama yangu hatukuipata kwa mwongozaji wenu siku ya ziara ya Topkapı na Dolmabahçe.

Pale Topkapı, katika chumba cha masalia matukufu, palipohifadhiwa joho la Mtume (S.A.W.) na ambapo msomaji huketi akisoma Qur'ani, mama alisimama kuomba dua, na mwongozaji wenu akamvuta mkono wa baibui akimwambia, "Bibi, hatukuja kusali hapa." Hakuwa amesimama hata dakika tatu. Mama ana miaka 71, na chumba hicho ndicho kilichomfanya adunduize fedha miaka minne. Hazina ya masultani na almasi zao zingemtosha kuzisikia tu.

Haraka ile ilikuwa ya nini? Kutoka hapo tulipelekwa kwenye duka la mazulia, ambalo halimo kabisa katika ratiba mliyotupa, tukakalishwa saa moja na nusu tukinyweshwa chai. Dolmabahçe tukaifikia milango ikikaribia kufungwa. Kasri yenye vyumba 285 tuliipita mbiombio; chini ya ile thurea, taa ya kuning'inia ya tani 4.5, hatukupewa nafasi hata ya kuinua macho, na upande wa harem, yaani makazi ya wanawake wa sultani, ambao tuliulipia, hatukuingia. Tena asubuhi yake basi lilikuwa limechelewa dakika 50, na hakuna aliyetutaka radhi.

Narudia suala la mama, kwa kuwa ndilo linaloniuma. Alivutwa kwa nguvu hata tasbihi ikamponyoka ikaanguka sakafuni mbele za watu, akainama mwenyewe kuiokota, huku mwongozaji wenu akimpigia makofi kama anayefukuza kuku. Mama hakujibu neno. Alijifunika uso kwa mtandio, na mpaka tunafika hotelini hakuzungumza.

Awali nilikusudia kudai kiingilio cha harem pekee. Sasa nadai malipo yote ya ziara hiyo kwa watu wawili, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyotiwa saini na mwongozaji huyo na kuandikwa kwa jina la mama, ndani ya siku 14. Zikipita, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani nikiwa na risiti na ratiba yenu mkononi, na wale akina mama 12 wa darasa la mama, ambao wameshawalipa ninyi sehemu ya nauli ya mwakani, nitawasomea barua hii neno kwa neno kabla hawajamalizia.

Mteja wenu,
Dar es Salaam